Mwaka wa hazina na mwaka wa jembe: majibu kwa wasomaji kuhusu bajeti ya jimbo

Kila mara kikao cha Septemba cha bunge la jimbo la Haut-Katanga kinapofunguliwa hapa Lubumbashi, barua kutoka Kasenga, Kambove, Mitwaba, Pweto na Sakania zinajaa mezani petu. Wasomaji wanataka kujua mswada wa bajeti utafanya nini huko wanakolima. Tumechagua barua saba na kuzifupisha. Majina tumeyaacha.

Bajeti ya jimbo imeandika ukarabati wa barabara yetu miaka miwili mfululizo. Hata lori moja la kifusi hatujaliona. Je, pesa imeliwa? (Mkulima, barabara ya Kasenga)

Huenda haikuliwa, Baba. Huenda haikutoka kabisa. Hilo si faraja, lakini ni lazima mlijue, kwa sababu magonjwa haya mawili hayana dawa moja.

Bajeti ni ruhusa ya kutumia, si noti zilizolala kwenye sanduku. Ili franka moja itoke kwenye mstari wa bajeti mpaka ifike kwenye greda, inapita hatua nne. Kwanza, ofisi inayohusika inafunga ahadi: kazi hii, bei hii, mstari huu. Pili, deni linahakikiwa: kazi imefanyika kweli, na fakitire ni sahihi. Tatu, mwenye mamlaka anaamuru malipo. Nne, hazina inalipa. Mkifika mjini msiulize "pesa yetu iko wapi?", maana mtajibiwa kwa maneno matupu. Ulizeni: "Mstari wetu umefika hatua ya ngapi, na tangu tarehe gani?" Kama haujafika hata hatua ya kwanza, hakuna aliyelipwa, kazi haijaandaliwa. Kama umefika ya nne na kifusi hakipo, hapo ni jambo la wakaguzi.

Mara nyingi kazi inakwama hatua ya kwanza, na sababu ni kalenda. Mwaka wa hazina unaanza tarehe 1 Januari na kufungwa tarehe 31 Desemba. Mwaka wa barabara ya udongo ni mwingine: mvua zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, zinakatika Aprili, na greda inafanya kazi ya maana kuanzia Mei mpaka mwanzo wa Oktoba. Sasa hesabu kurudi nyuma. Ili greda iingie Juni, mkataba utiwe sahihi Mei. Ili mkataba utiwe sahihi Mei, zabuni zifunguliwe Machi. Ili zabuni zifunguliwe Machi, daftari la kazi lenye vipimo liwe tayari Januari. Ofisi ikianza kutafuta vipimo Juni, kampuni inaingia barabarani mwisho wa Septemba, inamwaga udongo bila kuushindilia vizuri, na mvua za Novemba zinaubeba wote mpaka mtoni. Tarehe 31 Desemba mstari unafungwa, na barabara inaandikwa tena kama kitu kipya. Ndiyo maana jina la barabara yenu linarudi kila mwaka.

Kwa maoni yetu, tarehe ni jambo kubwa kuliko kiasi. Franka chache zilizotoka Aprili zinafaa kuliko nyingi zilizotoka Oktoba. Kwa hiyo mnapozungumza na mbunge wenu wa jimbo wakati mswada ungali mezani, msimwombe kuongeza tarakimu tu. Mwombeni aulize waziri, mbele ya wenzake, vipimo vya barabara vitakamilika mwezi gani.

Kuna kosa lingine: kugonga mlango usio wenu. Njia kuu ya kutoka Lubumbashi kupita Kasomeno kwenda Pweto ni sehemu ya RN5, barabara ya taifa, na mhusika wake ni Office des Routes. Matawi yanayotoka kwenye njia kuu kuingia vijijini ni barabara za kuhudumia kilimo, zilizo chini ya OVDA (zamani DVDA), ofisi ya taifa ya barabara hizo, pamoja na jimbo. Barua ya tawi ikipelekwa kwa watu wa njia kuu italala huko mpaka iote vumbi.

Pelekeni ukurasa mmoja wenye namba. Kutoka wapi hadi wapi, kilometa ngapi (mita ya pikipiki inatosha). Sehemu mbovu ngapi, na kila moja ina hatua ngapi. Kwenye kila kijito: upana na kina cha maji wakati wa masika. Kisha magunia mangapi ya mahindi yanatoka kwa msimu, na bei ya kubeba gunia moja hadi mjini wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Bei hizo mbili zikikaa pamoja zinasema kuliko maombi ya kurasa kumi.

Mahali kijito kinapokata barabara, msiandike "tunaomba kilalo" (daraja) mkaishia hapo. Kijito kidogo kinataka buzi ya saruji, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, la sentimita 80 au 100. Ile ya sentimita 60 inazibwa na majani na matawi, na mtu hawezi kuingia kuisafisha. Juu yake udongo ulioshindiliwa usipungue nusu mita, la sivyo lori la kwanza la makala (mkaa) litaivunja. Na ijengwe kuta pande zote mbili, pale maji yanapoingia na pale yanapotokea. Bila kuta maji yanachimba pembeni, barabara inakatika, na buzi inabaki nzima katikati ya shimo. Mmeshaziona za namna hiyo.

Na matunzo yasisahauliwe. Barabara iliyotengenezwa bila kantoniye wa kufungua mifereji haipiti masika mawili. Uliza kama mswada una mstari wa malipo ya CLER, ile kamati ya wakazi inayotunza barabara kwa jembe na pauro. Mstari huo ni mdogo, na ndio unaokatwa wa kwanza.

Je, kijiji chetu kina haki ya bajeti yake? (Kijana wa Mitwaba)

Hapana. Kijiji, groupement (kundi la vijiji) na teritwari ni ngazi za utawala tu. Hazina utu wa kisheria. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inatambua ETD, yaani maeneo yanayojitawala chini ya jimbo, za aina nne: mji, komini, sekta na sheferi (eneo la chifu). Hizo ndizo zenye bajeti, akaunti na haki ya kushtaki au kushtakiwa. Ukitaka choo cha soko au kisima cha kijiji, mlango wako wa kwanza ni sekta au sheferi, si ofisi ya msimamizi wa teritwari. Bajeti ya ETD inaingizwa ndani ya bajeti ya jimbo, mapato na matumizi yake, kwa hiyo ombi lako lifike kabla ya Septemba. Baada ya hapo utakuwa unasukuma mlango uliokwisha kufungwa.

Tunasikia kila mara "asilimia 40". Inatufikia vipi sisi wa vijijini? (Mwalimu mstaafu, Pweto)

Ibara ya 175 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema sehemu ya majimbo katika mapato ya kitaifa ni asilimia 40, nayo inakatwa palepale inapokusanywa. Kisha sheria ya 2008 inazipa ETD asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Fanya hesabu, Mwalimu: kwenye kila franka 100, jimbo linapaswa kupata 40; kati ya hizo, 16 ni za ETD zote za jimbo kwa pamoja, na 24 zinabaki kwa jimbo. Zile 16 zinagawanywa kwa kuangalia uwezo wa uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu.

Matatizo yako mawili. La kwanza: kwa kawaida pesa haikatwi palepale. Inapanda Kinshasa, kisha inarudishwa kwa kiasi na kwa tarehe ambazo jimbo halizipangi. Mswada ulioandika mapato ya asilimia 40 kamili unakuwa na shimo kabla ya Januari kuisha, na shimo hilo halichimbwi kwenye mishahara. Linachimbwa kwenye ujenzi. La pili: sheferi nyingi hazijui zinadai kiasi gani, kwa sababu hazikuwahi kuona jedwali la mgawanyo. Jedwali hilo ni la kuombwa kwa barua yenye sahihi ya chifu, nakala kwa mbunge wa jimbo. Sheferi isiyojua deni lake haiwezi kulidai.

Tena msichanganye asilimia 40 na hazina ya usawazishaji ya ibara ya 181, inayopaswa kulishwa kwa asilimia 10 ya mapato yote ya taifa ili kusaidia sehemu zilizoachwa nyuma. Wala msizichanganye na PDL-145T, programu ya serikali kuu ya kujenga shule, vituo vya afya na ofisi katika teritwari 145. Mifuko hii ni mitatu. Shule ya PDL haiwezi kuhesabiwa kama kazi ya asilimia 40, hata kama sherehe ya kuifungua imefanana.

Mgodi uko kwenye ardhi ya sheferi yetu. Tunajuaje kama kilichoandikwa kwenye bajeti ni sawa? (Kikundi cha akina mama, Kambove)

Swali zuri, Mama zetu, na jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi.

Sheria ya madini ya 2002, ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa mrabaha (ule watu wanaouita redevansi) hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 ETD ambako mgodi unachimbwa, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipa asilimia 3.5 ya thamani ya mauzo. Kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inalipa asilimia 10.

Chukua mauzo ya shaba ya dola 1,000,000. Mrabaha ni dola 35,000. Serikali kuu inapata 17,500, jimbo 8,750, sheferi 5,250, na mfuko wa vizazi 3,500. Kwa kobalti ya thamani hiyohiyo mrabaha ni 100,000, na sheferi inapata 15,000. Sehemu ya sheferi inalipwa na kampuni moja kwa moja kwenye akaunti ya sheferi. Haipiti Kinshasa wala kwa gavana. Kwa hiyo mkiambiwa "tunangoja Kinshasa" kuhusu pesa hii, jibu hilo si la kweli.

Jinsi ya kukagua: ombeni kwenye ofisi ya sheferi vitu vitatu vya mwaka uliopita, yaani noti za malipo zilizotumwa kwa kampuni, taarifa ya benki ya akaunti hiyo, na orodha ya kazi zilizolipwa. Jumla ya noti ilingane na jumla ya benki. Isipolingana, ama kampuni inadaiwa, ama kuna akaunti ya pili. Kisha tazameni matumizi. Pesa hii ni ya miundombinu ya msingi ya jamii: maji, kituo cha afya, shule, barabara. Ikiwa imekwenda kwenye gari, posho za safari na karamu, imetoka nje ya njia yake.

Sasa jambo lililoziumiza sheferi nyingi. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi. Uuzaji uliruhusiwa tena Oktoba 2025 kwa mgao, na mgao wa 2026 na wa 2027 ni tani 96,600 kwa mwaka kwa nchi nzima. Sheferi iliyopanga bajeti yake kwa kukopi mapato ya 2024 ilijenga kuta bila paa. Tunashauri sana mswada wa sheferi utenganishe mistari miwili, wa shaba na wa kobalti, na kazi kubwa, ile isiyofaa kuachwa katikati, iwekwe juu ya shaba peke yake. Angalieni pia kiwango cha kubadili dola: mrabaha unahesabiwa kwa dola, bajeti kwa franka. Franka ikipanda, dola zilezile zinazaa franka chache kuliko zilizoandikwa.

Mbali na mrabaha kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka ambayo kampuni inatoa kwa miradi ya jamii. Kwenye dola milioni moja ni dola 3,000. Inasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii, si na sheferi peke yake. Kazi moja isilipwe mara mbili, kwa 0.3 na kwa mrabaha. Visima ndivyo vinavyoonekana mara mbili kwenye vitabu, kwa sababu kisima kimoja kinaweza kuitwa kwa jina la kijiji au kwa jina la shule iliyo karibu. Tembeeni mkavihesabu kwa miguu.

Mwisho: katika uchaguzi wa Desemba 2023 walichaguliwa madiwani wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu, si wajumbe wa mabaraza ya sekta na sheferi. Chifu na wasaidizi wake wanapanga na kutumia bila baraza lililochaguliwa mbele yao. Hivyo kamati yenu ya akina mama ina uzito kuliko mnavyodhani. Ombeni bajeti ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi, na mpige picha siku ya kubandikwa.

Mswada una mstari wa mbolea kwa wakulima wadogo. Tufurahi? (Mkulima wa mahindi, Kipushi)

Gawanya kwanza, Yaya, ndipo ufurahi. Hekta moja ya mahindi katika udongo wetu inataka kilo 20 hadi 25 za mbegu, magunia 4 ya kilo 50 ya NPK 10-20-10 na magunia 4 ya urea. Hekta 500 ni magunia 4,000, yaani tani 200, au malori saba ya tani 30. Chukua kiasi cha mstari wa bajeti, ukigawe kwa bei ya gunia leo sokoni, ongeza usafiri. Ukipata magunia 300, hiyo ni mbolea ya hekta 37. Isemwe wazi kwamba ni ya hekta 37, na ichaguliwe sehemu moja, kuliko kumpa kila mkulima wa jimbo vikombe viwili.

Kisha tarehe, tena. NPK inaingia ardhini siku ya kupanda, kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Urea inafuata baada ya wiki nne hadi sita, mahindi yakifika magotini. Ili magunia yawe kwenye depo za teritwari mwisho wa Oktoba, agizo lipite Juni au Julai, maana mengi yanapita mpaka wa Kasumbalesa na foleni yake. NPK ikifika Januari haina kazi shambani. Itauzwa, na atakayeinunua ni mfanyabiashara mwenye ghala.

Mnaposoma sehemu ya kilimo, tenganisheni pesa ya ofisi na pesa ya shamba. Nchi za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Lakini hata asilimia hiyo ikitajwa, ulizeni ni ngapi kati yake ni mishahara, mafuta ya magari na semina. Bunga la bukari hapa mjini linategemea sana mahindi ya Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia tuliona sufuria zinavyotetemeka. Gunia lililolimwa Kipushi halingoji ruhusa ya mpakani.

Je, bajeti mpya inaweza kuongeza kodi kwenye magunia yetu njiani? (Mfanyabiashara, Sakania)

Bajeti yenyewe haizai kodi. Ibara ya 174 ya Katiba inasema kodi inawekwa na sheria tu, na tozo za majimbo na ETD zimeorodheshwa kwenye amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Tozo isiyo kwenye orodha hiyo haina msingi, hata kama anayeidai amevaa sare.

Lakini someni upande wa mapato wa mswada kwa makini. Kama makadirio ya tozo juu ya mazao yamepanda mara mbili, na mavuno hayakupanda, mjue vizuizi vitaongezeka. Na mzigo haumkai mfanyabiashara. Tuseme kuna vizuizi vitano, kila kimoja franka 1,000 kwa gunia: ni franka 5,000. Mnunuzi anazikata kwenye bei anayompa mkulima, palepale shambani, kabla ya lori kuwaka. Hilo ndilo la kumwambia mbunge, kwa namba za njia yenu wenyewe.

Kwenye kizuizi ulizeni jina la tozo, namba ya maandishi yanayoiruhusu, na risiti yenye namba iliyochapwa. Kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini si risiti. Andikeni tarehe, mahali na kiasi kwenye kijitabu. Vijitabu kumi vya madereva kumi ni ushahidi.

Shuleni kwetu walimu watatu hawalipwi, ni "NU" (nouvelles unités, walimu wasioingizwa bado kwenye orodha ya malipo). Tuombe bajeti ya jimbo iwalipe? (Kamati ya wazazi, Kasenga)

Mtapoteza mwaka. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Septemba 2019, mshahara wa mwalimu ulibaki mzigo wa serikali kuu, na orodha ya malipo inashikwa na DINACOPE, iliyokuwa ikiitwa SECOPE. Kwanza hakikisheni shule yenyewe ina amri ya kufunguliwa na namba yake ya malipo. Bila namba hiyo hakuna mwalimu wake atakayeingia kwenye orodha, hata faili lake likiwa safi namna gani. Kisha kwa kila mwalimu: barua ya kupangiwa kazi, cheti, tarehe ya kuanza, darasa analofundisha na idadi ya wanafunzi. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, maana tofauti ya herufi moja inarudisha faili nyuma miezi. Jimbo linaweza kuombwa madarasa na madawati. Faili la walimu lipelekwe kwa nakala mbili, moja ibaki shuleni ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa.